Nilimwondoa kazini fundi bora wa mashine ya mpunga Ifakara kwa karatasi ya vijiti

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za leo.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Majina nimebadilisha kwa sababu baadhi ya wahusika wapo hai, na watoto wao wanaingia humu kama sisi. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayoniaibisha, na hayo ndiyo mengi.

Juzijuzi kijana mmoja alifungua uzi akiuliza kuhusu zile basic tools za quality control. Mkamjibu vizuri tu. Check sheet, Pareto, fishbone, grafu za nguzo, mkamwekea na picha. Mwishoni mtu mmoja akaandika, "Data hazidanganyi, mkuu."

Niliweka simu chini. Nimekaa na hiyo sentensi siku tatu, nakula nayo, naoga nayo, leo nimeona bora niseme.

Ni kweli hazidanganyi. Lakini mimi nimewahi kumharibia mtu maisha kwa data ambazo hazikuwa na hata kijiti kimoja cha uongo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa mzani kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, upande wa Lipangalala. Msihangaike kuitafuta, haipo tena. Kiwanja kimejengwa vyumba vya kupangisha.

Kazi yangu ilikuwa rahisi. Mkulima analeta magunia, napima, naandika kwenye daftari jina lake, kijiji chake na uzito, halafu mpunga unaingia ndani.

Ndani kulikuwa na mashine mbili, zote zinazungushwa kwa mikanda na injini moja ya dizeli. Ya mbele alikuwa nayo Deo, kijana wa rika langu, mwepesi, mcheshi, anaimba kwa sauti mpaka anaishinda injini. Ya nyuma alikuwa nayo Fundi Kalisti.

Fundi Kalisti alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, amevuka hamsini. Mtu wa maneno machache. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa kule Lumemo, wale wakisali nyumba kwa nyumba yeye ndiye anayeongoza. Hata kulipokuwa na ugomvi wa mke na mume mtaani, walikuwa wanaanzia kwake kabla ya kwenda kwa padri.

Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kumimina gunia la mtu, anachukua punje mbili tatu, anazing'ata kwa meno ya mbele huku ameinamisha kichwa kama anasikiliza. Halafu ndipo anaamua akaze kisu cha mashine au akilegeze. Mara nyingine anamwambia mkulima, "Huu bado una joto la jua. Uweke kivulini upumzike, tuukoboe baadaye."

Mimi niliona ule ni ushamba. Nilikuwa nimesoma, bwana.

Sasa, tatizo letu lilikuwa chenga. Kwa msiolima mpunga, chenga ni zile punje zilizovunjika wakati wa kukoboa. Mchele wenye chenga nyingi wali wake unakuwa bokoboko, na mnunuzi wa Dar akiufungua tu anakunja uso. Mwaka ule wanunuzi walianza kulalamika, na wengine wakahamia mashine za wenzetu.

Bosi wetu, Mzee Mbaruku, akaniita. Alijua nimetoka kwenye kozi fupi Morogoro, kozi ya mambo ya ubora viwandani, na ndiye aliyenilipia.

Akaniambia, "Karani, hiyo elimu yako leo ndiyo siku yake. Mchele unavunjika. Nataka kujua unavunjikia kwa nani."

Kwa nani. Naomba mlione hilo neno. Hakuuliza unavunjikia wapi wala kwa nini, aliuliza kwa nani, na mimi sikumsahihisha. Nilisema ndiyo bosi.

Nikachora check sheet. Mistari na visanduku kwenye karatasi kubwa ya manila, upande huu Deo, upande huu Fundi Kalisti, juu siku za wiki. Nikaibandika nyuma ya mlango.

Tulikuwa na mama mmoja anaitwa Mama Fides, kazi yake kuchekecha. Nikakubaliana naye kwamba kila gunia likikobolewa anachota mchele wa kujaza sado moja, kile kindoo kidogo cha kupimia, anachekecha, anapima chenga kwa kikombe. Kila kikombe kikijaa naweka kijiti, pembeni naandika namba ya gunia kama ilivyo daftarini. Vijiti vinne vikisimama, cha tano nakilaza juu yake. Mnaijua hiyo, tumeanza nayo darasa la kwanza.

Siku ya kwanza tu Mama Fides akaniuliza, "Mwanangu, na mpunga wenyewe huuandiki?"

"Mpunga gani, mama?"

"Si huu unaoletwa. Mwingine umevunwa juzi, mwingine umenyeshewa shambani. Wote utaweka kundi moja?"

Nikamjibu, "Mama, mpunga ni mpunga. Tunapima mashine hapa."

Akaendelea kuchekecha.

Nataka kuwa mkweli. Mwalimu wetu wa Morogoro alikuwa ametuambia, tena akapiga mstari ubaoni mara mbili, kwamba kabla hujalinganisha chochote tenganisha kwanza. Mashine tofauti, malighafi tofauti, saa tofauti, kila kundi lisimame peke yake. Nilikuwa nimeliandika hilo kwenye daftari langu kwa kalamu nyekundu. Sikulifanya kwa sababu lingenilazimu kumhoji kila mkulima mpunga wake umepitia nini, na foleni ilikuwa ndefu, na kusema kweli nilikuwa mvivu wa kuongea na watu waliotapakaa tope.

Nikachora pia, kwa mkaa ukutani, ule mchoro wa mfupa wa samaki. Kichwani nikaandika CHENGA. Mifupa ikawa mtu, mashine, mpunga, njia ya kazi, hali ya hewa. Halafu nikaujaza mfupa mmoja, wa mtu. Niliandika uzembe, uzee, macho, kutofuata utaratibu.

Mchana mmoja injini imezimwa ipoe, Fundi Kalisti akaja kusimama mbele ya mchoro, mikono nyuma.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, karani. Huyu ni samaki?"

"Ndiyo fundi. Ni wa kutafutia chanzo cha tatizo."

Akamwangalia yule samaki. Watu wa kule wana mto mkubwa, samaki wanawajua. Akasema, "Mbona nyama umeiweka kwenye mfupa mmoja?" Akacheka kidogo.

Na mimi nikacheka. Nikasema mingine nitaijaza. Akaitikia haya, akarudi kwenye mashine yake.

Pale ndipo angekaa mtu mwenye akili akamuuliza, fundi, wewe ungeweka nini? Nilikuwa na mkaa mkononi. Sikumuuliza.

Wiki tatu zikapita. Nikajumlisha.

Magunia waliyokoboa yalikuwa karibu sawa, lakini vijiti vya Fundi Kalisti vilikuwa vingi kuliko vya Deo, tena si kwa kidogo. Nikachora grafu ya nguzo mbili, moja fupi na moja imesimama kama mnazi. Mtoto asiyejua kusoma angeelewa.

Mzee Mbaruku alipoiona alipumua. Nadhani alikuwa anaogopa ataambiwa anunue mashine mpya. Akasema kesho yake asubuhi nisome mbele ya watu wote, ili wanaopeleka habari kwa wanunuzi wajue tumechukua hatua.

Wakuu, nilisoma. Wafanyakazi wako pale, wapagazi, akina mama wa kuchekecha, wakulima kwenye foleni na mikokoteni yao ya ng'ombe. Nilivaa shati jeupe. Nilisoma siku kwa siku, kijiti kwa kijiti, na nikamalizia kwa maneno ambayo bado nayasikia, "Kwa hiyo tatizo la chenga katika mashine hii ni Fundi Kalisti."

Sikusema tatizo liko kwenye mashine ya nyuma. Nilimtaja kwa jina.

Yeye alikuwa amesimama karibu na mikanda, kofia mkononi. Hakubisha. Alimwangalia Deo, na Deo akaangalia chini. Wakati ule nilidhani Deo anamwonea huruma.

Siku ile ile akaambiwa asirudi.

Na mnajua mji mdogo ulivyo. Ilianza "Kalisti kazeeka", ikawa "Kalisti anafanya makusudi", wiki haijaisha imekuwa "Kalisti alikuwa anabadilisha mchele mzima wa watu na chenga, mzima anapeleka nyumbani." Mimi sikusema hayo. Ila mlango niliufungua mimi, na kwa grafu. Nikasikia hata uenyekiti wa jumuiya kauachia, na kanisani siku hizi anakaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Nilipandishwa cheo. Nikaitwa msimamizi msaidizi.

Turudi kwenye mashine. Fundi mpya akaletwa kwa ajili ya mashine ya nyuma, Deo akabaki ya mbele. Mimi nikaendelea na karatasi yangu nione matunda.

Chenga zikapanda. Kwa yule mpya zilipanda na kwa Deo zilipanda, tena Deo kuliko hata alivyokuwa Fundi Kalisti. Deo aliacha kuimba. Nilikagua visu, nikakagua mikanda, nikabadilisha kikombe cha kupimia nikidhani labda kimebonyea.

Jibu lilikuja na mkokoteni.

Alikuwa mkulima wa Kisukuma kutoka Mchombe, nimwite Masanja. Alifika mchana na magunia kumi na moja, ng'ombe wamechoka, yeye mwenyewe tope hadi magotini. Akanisalimia, akachungulia ndani, akauliza, "Babu yuko wapi?"

"Babu yupi?"

"Babu wa mashine ya nyuma."

Nikamwambia hayupo, kaachishwa. Akageuka, akaanza kulifunga upya turubai lake juu ya magunia.

Nikamfuata. "Mzee, unakwenda wapi na umetoka mbali hivyo?"

Akasema, "Mpunga wangu huu ni mgonjwa, kijana. Njia ilikatika kwa tope, ukakaa shambani kwenye lundo, ukanyeshewa. Nikauanika. Ukanyeshewa tena. Nikauanika juu ya saruji mpaka ukalia kwa ukavu. Mpunga kama huu ukiutia mashineni hivi hivi unatoka unga. Babu alikuwa anauelewa. Anauacha kivulini ulale, analegeza kisu, anaukoboa polepole kama anamlisha mtoto. Yule kijana wenu wa mbele aliukataa tangu mwaka juzi. Akituona sisi wa mbali anasema pelekeni kwa babu."

"Anasema nini?"

"Pelekeni kwa babu. Wote tunajua. Mpunga mzuri mbele, mpunga mgonjwa kwa babu."

Naandika hivi hivi bila kupamba, nilikaa chini kwenye gunia lake.

Nikaenda kwa Deo. Hakukataa. Alisema ndivyo walivyofanya kazi siku zote, na haikuwa siri, ila karani wa mzani haingii ndani kuona. Mpunga unaovunjika ovyo anapewa fundi mwenye mkono. Ulikuwa utaratibu wao wa heshima, kumpa mzee kazi ngumu kwa sababu anaiweza. Mzee alipoondolewa, mpunga huo ukaanza kuingia kwenye mashine zote mbili.

Nikamuuliza, "Mbona siku ile hukusema?"

Akasema, "Ulikuwa na karatasi."

Siku mbili zilizofuata nilikaa na daftari langu la mzani. Jina la kila mkulima lilikuwemo, na kijiji, na tarehe. Nikamwita Mama Fides, ambaye ana kumbukumbu ya ajabu, tukapita gunia baada ya gunia. Huu ulikuwa mzuri. Huu ulinyeshewa. Huu ulikuwa wa yule mama aliyeanika barabarani. Vijiti vyote vya wiki tatu nikavigawa upya, mafungu mawili, mpunga mzuri na mpunga mgonjwa.

Sasa naomba wale wa data mkae vizuri.

Kwenye mpunga mzuri, kwa kila gunia Fundi Kalisti alikuwa na chenga chache kuliko Deo. Kwenye mpunga mgonjwa, kwa kila gunia Fundi Kalisti alikuwa na chenga chache kuliko Deo. Ukiyachanganya mafungu yote mawili, Fundi Kalisti anaonekana mbaya kuliko Deo, kwa sababu karibu mpunga wote mgonjwa ulikuwa wake.

Hakuna kijiti nilichokosea kuhesabu. Nilirudia mara nne nikitafuta kosa la hesabu, maana lingenipa nafuu.

Mama Fides alipoona mafungu yamekaa mezani hakunisema. Alisema tu, "Masikini Kalisti," akajifuta mikono, akaondoka.

Jumapili hiyo baada ya misa ya pili nikaenda Lumemo. Nilimkuta nje anapachika mpini kwenye jembe. Mke wake, Mama Anjela, akanipa kigoda, akaingia ndani. Hakunikaribisha chakula, na saa ya chakula ilikuwa imefika. Kule kwetu hiyo ni barua kamili.

Nilimweleza yote. Nilimwonyesha na karatasi mpya. Aliitazama kwa makini, kidole kinapita kwenye mistari.

Nikasema, "Fundi, nimekukosea. Nitamwambia bosi akurudishe."

Akasema, "Karatasi ya kwanza haikuwa na uongo."

"Ndiyo, lakini..."

"Sikiliza, karani. Ulisimama pale wiki tatu. Kutoka mlangoni kwako hadi kwenye mashine yangu ni hatua ngapi? Hukuja hata siku moja kuniuliza, fundi, mbona mchele wako unavunjika? Ningekujibu. Si siri."



Akaendelea kugonga ule mpini. Halafu akasema, "Kazi sitaki. Mikono imechoka. Lakini jina langu ulilisoma mbele za watu. Kalisome tena mbele za watu wale wale. Hiyo karatasi ya pili uisome kama ulivyosoma ya kwanza. Basi, hilo tu."

Nikamwahidi. Nilisema wiki hii hii, fundi.

Jumatatu nikamwona Mzee Mbaruku. Alisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alielewa kila kitu, hakuwa mjinga. Alisema, "Mwanangu, wanunuzi ndiyo kwanza wametulia kwa sababu waliambiwa mwenye kosa tumemtoa. Leo tukisema tulimtoa asiye na kosa, watatuonaje? Subiri msimu uishe. Watu wakipungua utasoma."

Nikasema sawa bosi.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, wakuu. La kwanza lilikuwa la kutojua, na uvivu, na majivuno ya ujana. Hili la pili nilikuwa najua kila kitu, karatasi iko kwenye droo, nimeikunja mara mbili, na nilisema sawa bosi kwa sababu cheo kilikuwa kitamu.

Nilisubiri. Wiki moja, mbili, tatu. Nilianza kupita njia nyingine nisikutane na mtu yeyote wa Lumemo. Nilijiambia mzee mwenyewe hana haraka.

Wiki ya tano Mama Fides akaja kazini amejifunga khanga nyeusi. Akaniambia Kalisti amefariki. Aliumwa homa, akaomba wamvushe mto kwa pantoni apelekwe kwa ndugu zake upande wa Mahenge, na huko ndiko amezikwa jana.

Nilimuuliza, "Jana? Mbona sikuambiwa?"

Akachukua chekeche lake, akaanza kazi. Nani angeniambia, na kwa nini?

Wiki iliyofuata, siku ambayo magari mengi yalikuwa yanapakia na foleni imefika barabarani, nilitoa ile karatasi kwenye droo. Sikuomba ruhusa. Nilisimama juu ya mzani kwa sababu hapakuwa na kitu kingine kirefu. Injini inanguruma, hawanisikii. Deo akaniona kupitia mlangoni. Akaiona karatasi. Akaenda akazima injini.

Nikasoma. Nilisema mimi ndiye niliyesoma mara ya kwanza, na nilisoma vibaya. Nikasoma mafungu mawili. Nikasema Fundi Kalisti alikuwa fundi bora kuliko wote tuliokuwa nao, na hajawahi kuchukua hata punje ya mtu, na chenga zile zilikuwa nyingi kwake kwa sababu tulimpa mpunga ulioshindikana. Mzee Mbaruku alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, hakunizuia.

Hakuna aliyepiga makofi, hii siyo sinema. Mpagazi mmoja alivua kofia. Masanja alikuwepo siku ile, alisema kwa sauti, "Sisi tulikuwa tunajua." Sentensi hiyo ilinichoma kuliko tusi.

Mwisho wa mwezi nikaachishwa kazi. Sina kinyongo, na wala siandiki hili nionekane shujaa. Shujaa angesoma wiki tano kabla.

Arobaini ya marehemu ilipofika nikavuka mto. Niliogopa sana. Nilimkuta Mama Anjela uani pamoja na akina mama wengine, akanyanyuka akanipeleka pembeni, karibu na tanuru la matofali la shemeji yake.

Nikamwambia, "Mama, nimesoma. Mbele za watu wote. Nilichelewa, lakini nimesoma."

Akasema, "Nimesikia. Mama Fides alinitumia salamu."

Akawa anachokonoa tofali kwa kidole. Halafu akanieleza hivi, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Alipokuwa anaumwa, kila mtu aliyeshuka kwenye pantoni kutoka Ifakara akija kumwona, alikuwa anamuuliza swali moja. Wameshasoma? Wanamjibu bado. Mwingine akija, wameshasoma? Bado. Siku ya mwisho hakukuwa na mgeni. Mimi na yeye tu. Akaniuliza mimi, Mama Anjela, wameshasoma? Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia karani kasoma asubuhi, watu wamejaa, wote wamesikia. Akauliza, na Deo alikuwepo? Nikasema alikuwepo. Akasema haya. Akageukia ukutani akalala."

Nilikuwa nalia.

Akasema, "Mwanangu, sijawahi kumdanganya yule mzee toka anioe. Uongo wangu wa kwanza nimempa akiwa anakufa. Nimekwenda kuungama mara mbili, nikifika kwenye neno lile nashindwa. Ulipokwenda ukasoma, na Mama Fides akaniambia injini ilizimwa na Deo mwenyewe, ndipo nililala. Umenitoa kwenye uongo. Lakini ulinifanya niuseme."

Akaniacha pale akarudi kwa wenzake. Baadaye akaniletea sahani ya wali, akaniambia nile. Nilikula wote.

Basi wakuu, ndiyo hayo.

Baada ya pale nimefanya kazi ya ubora kwenye viwanda vitatu, mpaka nimestaafu. Nimefundisha vijana wengi. Hizo tools ni nzuri na ni rahisi, karatasi na kalamu zinatosha, msiache kuzitumia. Nilichojifunza ni kwamba kila ukitaka kuandika jina la mtu juu ya safu, nenda kwanza ukamuulize mwenye jina. Tembea hizo hatua. Atakueleza kitu ambacho karatasi yako haina kisanduku chake. Na ukishagundua umekosea, lirudishe jina la mtu siku hiyo hiyo, hapo hapo ulipolichafulia, bosi akitaka asitake.

Wewe uliyeandika data hazidanganyi, sikulaumu, na mimi nilikuwa naandika hivyo hivyo.

Karibuni mniseme, sitajitetea. Ila kama kati yenu kuna mwenye karatasi ya namna hii kwenye droo, anasubiri mambo yatulie, naomba asianze kwa kunijibu mimi. Aende kwanza akaisome, maana huenda sasa hivi kuna mtu anaulizia, na kuna mwingine pembeni ya kitanda anatafuta la kumjibu.